Siku Wakubwa wa Gesi Walikula Kwangu Tuwan

Mwaka ule ni ule tulikula matoke. Mtu wa Kitale akisikia hivyo anajua nasema mwaka gani. Sisi ndio watu wa mahindi, malori ya Nairobi huja kwetu kubeba, lakini mwaka ule mvua ilichelewa, ikaja kidogo, ikakatika mahindi yakiwa magotini. Unga wa dukani ukapanda mpaka ukawa wa kuangaliwa tu. Basi matoke yakashuka kutoka ule upande mwingine wa Mlima Elgon, mikungu juu ya pikipiki, mikungu juu ya punda, na mtaa wetu wote wa Tuwan tukala matoke asubuhi na matoke jioni. Watoto walililia ugali kama mtoto anayeachishwa ziwa. Mzee mmoja wa kanisa letu alisimama mbele ya watu akaomba Mungu amrudishie ugali kwanza kabla hajamchukua.

Mimi mwaka ule sikulia. Nilikula matoke yangu nikicheka peke yangu jikoni, kwa sababu mjukuu wangu wa kwanza, yule niliyemlea kwa mikono hii, alikuwa amepata kazi ya kukaa meza moja na mataifa.

Sikusoma sana. Darasa la nne, kijijini Kamukuywa, halafu nikatolewa nikachunge watoto wa dada yangu. Kwa hivyo hiyo kazi ya mjukuu ilinichukua muda kuielewa. Alisomea mambo ya friji, msichana peke yake katika darasa la wavulana watupu. Serikali ikamchukua Nairobi, na baadaye wakaanza kumpeleka mikutano ya nchi nyingi. Ati wanajadiliana juu ya gesi ya friji.

Nikamwambia, "Nchi zinakaa chini kuongea gesi ya friji? Vita zimeisha?"

Akacheka. "Kukhu, hii nayo ni vita. Ni vile tu sisi tunapigana tukinywa chai."

Kukhu ni nyanya kwa lugha yetu ya Bungoma. Hata akiwa na suti na viatu vya kugonga sakafu, mimi ni kukhu wake.

Akanieleza polepole, vile nilikuwa nikimweleza yeye namna ya kupepeta. Ndani ya mabomba ya friji kuna gesi, hiyo ndiyo inabeba joto la ndani na kulitupa nje. Zamani ilikuwa gesi moja mbaya iliyokuwa ikitoboa lile tabaka la juu linalotukinga na jua. Nchi zikakubaliana iondolewe, ikaletwa nyingine. Hii nyingine haitoboi, lakini ikitoroka inapanda juu na kukaa huko kama blanketi nzito, na dunia imelala chini yake inatoka jasho. Sasa nchi zilikutana Kigali zikasema hiyo pia ipunguzwe, mwaka kwa mwaka, kila nchi na ratiba yake. Kenya imo. Kilichobaki kwao ilikuwa kuelewana na majirani, kwa sababu mtungi wa gesi ukikatazwa hapa unaweza kuingilia vichakani kutoka pale.

Niliuliza swali moja. "Na friza yangu?"

Akanimiminia chai ambayo sikuwa nimeomba. Nikajua nimekanyaga mahali.

Hiyo friza wacha niwaambie. Ni ya kulala chini, inafunguliwa juu kama sanduku, ilikuwa nyeupe, sasa ina rangi ya meno ya mzee. Ndani yake ninaweka maziwa na mala, yale maziwa yaliyochachuka, ya kuuza, barafu za watoto, na nyama ya jirani yeyote ambaye ameletewa mguu wa mbuzi na hawezi kuumaliza. Ilisomesha watu. Ilimsomesha huyo mjukuu mwenyewe. Lakini ni kizee, inavuja, na kila mara ikishindwa kugandisha naita fundi. Zamani fundi alikuwa akija anafungua bomba, gesi ya ndani inatoka fsss, watoto wanakimbia kuweka mikono wasikie baridi, halafu anajaza mpya na kwenda zake. Hatukujua kwamba hiyo fsss ndiyo blanketi. Nani angetuambia?

Mjukuu wangu aliijua hiyo fsss tangu akiwa mdogo. Ndiyo sababu, kwenye maandishi ya makubaliano na majirani, alikuwa ameingiza aya moja yake. Kwa Kiswahili cha nyumbani ilisema hivi: mtu mdogo mwenye mashine moja asikatiwe gesi ya zamani mpaka asaidiwe kupata mashine mpya. Ni hiyo tu. Aliipigania mikutano mingi, na alikuwa akinipigia simu baada ya kila mkutano, sauti inapanda kama ya mtu anayetangaza mpira. Leo nchi moja imekubali, Kukhu. Leo wamebadilisha neno moja lakini iko.

Halafu kukawa na mzee mmoja. Mwakilishi wa nchi ya ng'ambo ya mlima, kule matoke yalikotoka. Huyu aliikataa aya ya mjukuu wangu, na hakuwa mjinga. Alisema mkiacha mlango wazi kwa mama wa friza moja, malori yatapita mlango huohuo usiku na mitungi, na kila dereva atasema anapelekea mama yake. Bila mkono wake hakuna makubaliano. Bosi wa mjukuu wangu akachoka. Akamwambia, kama mzee hajabadilika kabla ya kusaini, aya yako tunaitoa, tunasaini yale mengine. Mjukuu wangu alinieleza hayo kwenye simu na sauti haikupanda.

Mkutano wa mwisho ukaletwa kwetu, bana. Si Nairobi, si ng'ambo. Mabanga, karibu na Bungoma mjini, kwenye kile chuo cha wakulima. Na siku moja kabla ya kusaini walitaka kutoka waone kwa macho mtu mdogo mwenye mashine moja.

"Nikawaambia namjua mmoja Tuwan," mjukuu akasema. "Kukhu, utatupikia?"

Kama ningekuwa na miguu ya zamani ningeruka ua. Nilifua mapazia. Nilipaka mlango rangi. Friza niliisugua mpaka nikapata herufi za kampuni ambazo sikujua ziko. Nilimtuma mtu Kamukuywa kwa mke wa ndugu yangu aniletee jogoo, nikamwambia si jogoo wa kuhurumia, jogoo ambaye mbwa wanampisha. Akaletwa. Alikuwa mkubwa mpaka alipofungwa mguu pale nyuma watu walikuja kumwangalia.

Jirani yangu, mama Mkikuyu ambaye tumeuza sokoni pamoja tangu tukiwa na nywele nyeusi, alileta viti vyake na maneno yake.

"Wewe na vile unapenda kuringa. Wazungu wakija utawauzia barafu."

"Hawaji wazungu. Wanakuja watu weusi wakubwa."

"Hao ndio hawanunui."

"Hawatanunua, watakula. Lete na zile sahani zako za maua, na usiseme ni zako."

"Nitasema. Nitakaa mlangoni nikiwaonyesha."

Mjukuu alipiga simu asubuhi ya siku yenyewe akinionya. Kukhu, usiwaombe kitu. Usilie shida. Waonyeshe friza, wale, waende. Nikamwambia tangu lini mimi nikalia shida kwa wageni. Lakini hakunionya juu ya firigisi, na mimi sikuuliza, kwa sababu hicho ni kitu mtu wa kwetu hahitaji kuonywa.

Kwa yule asiyejua: kwetu ukimchinjia mgeni jogoo, firigisi haikatwikatwi ikatupwa kwenye mchuzi na vipande vingine. Inapikwa nzima, inapewa mtu mmoja, mkubwa wa wageni, mbele ya wote. Nimeona wakwe wakiamka mezani na kuondoka na ng'ombe wao kwa sababu firigisi ilimkosa mwenyewe. Wanaume hujifanya hawaiangalii, lakini kila mmoja anaifuata kwa kona ya jicho kutoka jikoni mpaka inapotua. Na anayekula firigisi ya boma, siku hiyo anahesabiwa kuwa wa hilo boma.

Wakaja mchana. Magari mawili meupe yakaziba njia yetu yote, na watoto wakayazunguka kama nyuki. Wageni walikuwa watano, mbali na mjukuu wangu. Wa kwanza kushuka alikuwa bwana mrefu wa suti ya kijivu, simu sikioni. Aliingia ndani mbio mbio akiongea, hakuangalia kushoto wala kulia. Nikajua, huyu ni yule wa kutumwa mbele kutangaza. Wakafuata mama wawili wa nchi nyingine, wapole, na bwana mmoja wa itifaki aliyebeba makaratasi. Wa mwisho alikuwa mzee mfupi wa koti la kahawia. Huyo hakuwa na haraka. Alisimama nje akasalimia majirani, akauliza mama Mkikuyu hali ya mahindi, akaangalia paa langu, akaingia wakati wote wamekaa. Na wao wakasogea. Akakaa kwenye kiti kinachoangalia mlango.

Hapo hata mtoto wa kwetu asingeuliza. Mkubwa huingia mwisho, na huketi akiona mlango.

Kwanza niliwaonyesha friza. Nilifungua, ule moshi wa baridi ukatoka, wale mama wawili wakaonja mala na wakaomba tena. Mzee wa koti la kahawia aliinama akachungulia nyuma, pale kwenye mabomba.

"Mama, nani hukuletea gesi?"

"Fundi."

"Wewe mwenyewe umewahi kununua mtungi?"

"Niununue niufanyie nini? Niupike?"

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye kiti chake. Mimi nikaenda kupakua.

Nilipakua matoke, nikapakua nyama ya ng'ombe kwa wingi, jogoo kwenye bakuli kubwa. Firigisi nikaiweka peke yake kwenye sahani ndogo ya maua. Nikaingia, nikapiga goti nusu, maana magoti yangu siku hizi hayafiki chini, nikaiweka mbele ya mzee wa koti la kahawia.

Yule wa suti ya kijivu aliiteremsha simu polepole. Nikaangalia mjukuu wangu, uso wake ulikuwa wa mtu aliyefunua shuka akakuta nyoka.

Nilirudi jikoni. Bwana wa itifaki alikuwa nyuma yangu.

"Shosho, kumetokea kosa kidogo. Kiongozi wa ujumbe wetu ni yule mwingine."

"Yupi?"

"Wa suti ya kijivu. Bosi. Na yeye ni mtu wa hukuhuku, ameelewa kabisa ulichofanya. Amekasirika, ile kukasirika ya kimya. Tafadhali, tunaweza kuirudisha tu pole pole, tuseme imeletwa kwa makosa? Ama hakuna nyingine kwa sufuria?"

Kabla sijamjibu mjukuu wangu akaingia, akashika ukuta.

"Kukhu, umeniua."

"Kwa nini?"

"Uliyempa ndiye yule. Ndiye mzee anayekataa aya yangu."

Nilikaa kwenye kigoda. Mtoto wangu anapigania friza yangu mbele ya mataifa, mimi naenda kumlisha adui yake kitu kizuri kuliko vyote nilivyopika, na bosi wake namwacha na paja. Bwana wa itifaki akaona nimelegea, akaanza kuchukua kitambaa aende kuichukua ile sahani. Nikaona picha yote. Mzee wa watu, mgeni, amevuka mlima, sahani inatolewa mbele yake wengine wakiangalia. Aya ya mjukuu wangu ingekufa hapo hapo, na jina la boma langu lingezikwa nayo kaburi moja. Nikasimama.

"Kuku alikuwa mmoja, firigisi ni moja, na nimeshampa mgeni. Sirudishi."

"Shosho, ni vile huelewi itifaki."

"Weka kitambaa changu chini."

Akaweka. Tukaingia wote watatu. Mzee wa koti la kahawia hakuwa ameigusa ile firigisi. Alikuwa ameunganisha mikono, anaiangalia. Nilijua kutokana na ule mkao kwamba kwao nako ni kama kwetu. Mlima ni mmoja, wanaume wake wanatahiriwa kwa ngoma zinazofanana, wataachaje kujua firigisi?

Akaniuliza, "Mama, unajua mimi ni nani?"

"Nimeambiwa sasa hivi. Wewe ndiye unataka kuzima friza yangu."

Wale mama wawili walitazama matoke yao. Mjukuu wangu alifunga macho.

Mzee akasema, "Na ulipokuwa unanipa?"

"Sikuwa nimejua. Lakini hata ningejua ningekupa. Ungekula ukiona haya."

Akacheka mpaka miwani ikateremka. Kucheka kwake kulifungua chumba chote, hata bosi wa suti ya kijivu tabasamu lilimponyoka kidogo. Halafu mzee akachukua firigisi kwa vidole, akaila taratibu, hakuacha hata mshipa. Akanawa.

"Huyu mama amenifunga," akaambia wenzake. "Kwetu mtu hali firigisi ya mama halafu kesho asimame aseme mama azimiwe friza. Nikirudi nyumbani wazee wangu wataniuliza."

Bosi akasema, sauti baridi kama mala yangu, "Lakini mzee, jana hii aya uliikataa."

"Jana sikuwa nimekula."

Halafu akaacha utani. Akasema hofu yake ya malori iko palepale, haijaenda popote. Lakini ameuliza mwenye friza na mwenye friza hajawahi kushika mtungi. Anayeshika ni fundi. Basi gesi ya zamani isiuzwe dukani kwa kila mtu, iuzwe kwa fundi aliyefunzwa na kuandikishwa, anayevuta ile ya ndani na kuirudisha kwenye mtungi badala ya kuitoa hewani. Mama atajaziwa friza yake mpaka apate mpya, na lori halitapata kisingizio. Kwa namna hiyo, akasema, nchi yake inaweza kuishi na hiyo aya.

Mjukuu wangu alifungua kompyuta pale katikati ya masufuria. Nilisogeza bakuli la mchuzi. Alikuwa anaandika huku anauliza, mzee anajibu, wale mama wanaongeza neno, bosi naye, kukasirika hakumzuii kujua kazi yake, akawaambia hapo mtaje pia mafundi wa vijijini. Walibishana juu ya neno moja mpaka matoke yakapoa. Mimi nilisimama mlangoni na mama Mkikuyu, mikono imeshikana kama wasichana wa shule wanaosubiri majina yasomwe. Hatukuelewa hata nusu ya maneno, lakini tulielewa sauti. Sauti ya mjukuu wangu ilikuwa inapanda.

"Ndio huyo uliyekuwa unambeba mgongoni ukiuza mboga?" mama Mkikuyu akaninong'oneza.

"Ndio huyo. Na alikuwa ananikojolea."

Kesho yake nilishinda na simu mkononi. Niliuza mala nikiwa nayo, nilisali nikiwa nayo. Ilipolia nilikuwa nimemshikia mteja barafu, barafu ikaanguka.

"Kukhu, wamesaini. Aya iko. Iko, na fundi wake."

Sikumbuki nilisema nini. Najua nilitoka nje nikapiga vigelegele mpaka mama Mkikuyu akaja akikimbia na mwiko, akafikiri kuna harusi. Nikamwambia ni zaidi ya harusi, harusi huvunjika. Watoto wote waliokuwa njiani nikawapa barafu bure, na waliorudi mara ya pili nikajifanya siwatambui. Nilikuwa najiona nimekaa kule Mabanga mimi mwenyewe, na darasa langu la nne, katikati ya bendera.

Kumbe muda huo wote simu haikuwa imekatika. Nikasikia sauti ya mwanamume, na safari hii aliniamkia kwa lugha ya nyumbani, kwa heshima zote. Alikuwa bosi wa suti ya kijivu.

"Mama, tunakushukuru. Mjukuu wako amefanya kazi kubwa, na wewe pia."

"Asante, mwanangu. Mrudi tena mle."

"Tutarudi. Sasa mama, kuna kitu kidogo." Akashusha sauti. "Hapa kuna mtu wa redio, yule wa lugha yetu. Amesikia ile hadithi ya jana na anataka kuitangaza jioni. Wewe unajua watu wetu. Wakisikia kwamba firigisi ilivuka mlima na mimi mtoto wa Bungoma nimekaa hapo nikiangalia, nitapita wapi? Hata mama yangu mzazi atanipigia. Nakuomba useme tu kwamba ulinipa mimi, halafu mimi ndiye nikampa mzee kwa heshima. Aya imeshapita, mama. Hakuna anayeumia."

Nilimhurumia, kweli. Alikuwa mtu mzuri, ni haraka tu ilimwingiza mlangoni wa kwanza. Na alikuwa bosi wa mtoto wangu. Lakini yule mzee alikula mbele ya watu, akafungwa mbele ya watu, akabadilisha neno lake mbele ya watu. Nikisema leo haikuwa yake, basi alifungwa na nini?

"Mama, uko?"

"Niko," nikamwambia. "Kuku alikuwa mmoja, firigisi ni moja, na nimeshampa mgeni. Sirudishi."